Haidroksiapatiti ya kauri na vibonge vya kingamwili: uzoefu wangu

Nawaandikia wenzangu mnaosafisha kingamwili za tiba na ambao, baada ya kolamu (bomba la kuchujia) ya Protini A, protini inayonasa kingamwili, bado mnaona kile kilima kidogo cha vibonge kikitangulia kilele kikubwa kwenye grafu ya HPLC, mashine ya kutenganisha na kupima molekuli. Resini (punje za kujaza kolamu) ya haidroksiapatiti ya kauri imetutenganishia vibonge ambavyo resini nyingine tulizozijaribu zilishindwa kuvitenganisha. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeizuia kwa sababu resini hii ina masharti magumu, na asiyeyafuata ataiharibu.

Vibonge vyenyewe ni molekuli mbili au zaidi za kingamwili zilizoshikana. Molekuli moja ya IgG, aina ya kingamwili, ina uzito wa kilodaltoni zipatazo 150, na pacha wake huwa na 300. Protini A haiwezi kuzitofautisha, kwa kuwa sehemu inayoishika ipo kwa zote mbili. Tena hatua hiyo yenyewe huongeza tatizo: kingamwili hung'olewa kwenye kolamu kwa asidi ya pH kati ya 3 na 4, kisha huachwa ndani ya asidi hiyo kwa muda ili virusi vife, na kuna kingamwili zisizovumilia hali hiyo, zikashikana. Mgonjwa akidungwa dawa yenye vibonge, mwili wake unaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya dawa, na dawa ikakosa nguvu au ikaleta mzio. Ndiyo maana silali vizuri kipimo kinapoonyesha asilimia 3 au 4 za vibonge. Lengo letu ni chini ya 1.

Tulianza na resini ya kubadilishana kationi, inayoshika protini kwa chaji zake za umeme, kama wengi wanavyoanza. Inabeba mzigo mkubwa na bei yake inavumilika. Lakini kwa kingamwili yetu, pacha walitoka wakiwa wamelalia mkia wa kilele cha molekuli moja moja, na kila tulipokata mkia huo tulimwaga dawa nzuri pamoja nao. Kolamu ya kuchuja kwa ukubwa ni bora kwa kupima, ila hupokea sampuli ya asilimia chache tu ya ujazo wake, kwa hiyo si kifaa cha kuzalisha gramu nyingi. Ile inayoshika sehemu za protini zinazokwepa maji inahitaji chumvi nyingi mno, na kingamwili yetu ilianza kujitenga na maji na kuyafanya meupe ndani ya chumvi hiyo.

Haidroksiapatiti ni madini ya kalsiamu na fosfeti, jamii ileile inayojenga mifupa na meno. Arne Tiselius na wenzake kule Sweden waliandika juu ya kuitumia kutenganisha protini mwaka 1956. Fuwele za zama zile zilivunjika upesi. Hii ya kauri huchomwa kwa joto kali hadi ikawa punje za duara, ngumu, zenye vinyweleo. Sisi tunatumia Aina ya I, punje za mikromita 40.

Tunaipakia kingamwili kwenye pH 6.8, fosfeti ikiwa milimola 5 kwa lita na chumvi kidogo, kisha tunaosha. Baada ya hapo fosfeti tunaiacha palepale na kupandisha chumvi ya kawaida polepole. Molekuli moja moja hutangulia kutoka. Vibonge vinabaki nyuma, kwani vina sehemu nyingi zaidi za kujishikilia kwenye fuwele, kama mtu aliyeshika kamba kwa mikono minne badala ya miwili. Hapa ndipo penye siri ninayotaka muichukue: tulipong'oa kwa kupandisha fosfeti, vilele viwili viliingiliana, tulipong'oa kwa chumvi huku fosfeti ikiwa chini, pengo likaonekana wazi. Resini ileile, kingamwili ileile, bafa (kimiminika kinachoshikilia pH) tofauti. Vibonge vilivyobaki, pamoja na DNA ya seli zilizozalisha dawa, vinaondoka mwishoni kwa fosfeti ya milimola 500, halafu kolamu inasafishwa kwa sodiamu haidroksaidi. Tulichokusanya kilishuka chini ya asilimia 1 kama tulivyotaka, na mabaki ya Protini A iliyovuja yalipungua pia.

Sasa masharti. Asidi huiyeyusha. Chini ya pH 6.5 kalsiamu huanza kuondoka, na hutaliona jambo hilo kwa macho hadi siku shinikizo la pampu litakapopanda. Kuna mtego mwingine uliojificha zaidi: chumvi nyingi ikiingia ghafla wakati fosfeti ni kidogo, protoni zilizokuwa zimeshikwa na fuwele huachiliwa, na pH hushuka kwa muda ndani ya kolamu ingawa bafa yako ni sahihi kabisa. Kwa hiyo wekeni kipima pH upande wa kutokea, ongezeni bafa ya pili yenye nguvu, na kalsiamu kidogo sana ndani yake. Sitreti na EDTA ni marufuku, maana huinyang'anya resini kalsiamu yake. Sisi ilitubidi turudi nyuma hadi hatua ya Protini A na kung'olea kwa aseteti badala ya sitreti, jambo lililotaka vipimo vipya na barua ndefu kwa watu wa ubora.

Msiikoroge kwa sumaku ya maabara. Itasagika iwe unga na kuziba vichujio. Punje zake ni nzito na huzama haraka, hivyo upakiaji wa kolamu hautaki kusitasita, wala pistoni isiligandamize tabaka kama mnavyozoea kwa punje laini za agarosi.

Mzigo inaoubeba kwa kila mililita ni mdogo kuliko wa resini za kisasa za kationi, kwa hiyo kolamu inakuwa kubwa na gharama inapanda. Msambazaji wetu alituchelewesha sana pia, na hilo liliniudhi kwa sababu kundi la dawa lilikuwa likisubiri kwenye jokofu, na kusubiri nako kunaweza kuzaa vibonge.

Kama vibonge vyenu ni asilimia 1 au 2 tu, nawashauri mwanze na resini ya njia mchanganyiko (inayoshika kwa njia zaidi ya moja) kama Capto adhere, ambayo huacha kingamwili ipite huku vibonge vikinasa. Ni rahisi zaidi kuiendesha. Kama ni zaidi ya hapo, au pacha wenu ni wakaidi kama wetu, ombeni kolamu ndogo ya majaribio ya haidroksiapatiti na mjaribu chumvi kabla ya fosfeti. Pimeni kalsiamu kwenye kinachotoka tangu mzunguko wa kwanza, ili mjue mapema kama resini yenu inaliwa.