Nilinunua HDMI ya mita 10, kumbe niliyohitaji ni ya mita moja na nusu

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, Mombasa, zile za kuta za mawe ya matumbawe, ukuta mmoja unakaribia unene wa nusu mita. Mchana wa kaskazi, jua likiwaka nje, ndani unajisikia raha. Ila waifai haipiti. Rauta iko ukumbini, tivii iko chumba cha ndani, na kati yao ndio ukuta wenyewe.

Kwa hiyo nilipoleta tivii ya 4K, ile ya picha kali, na kisanduku cha Android cha kuleta vipindi vya intaneti kwenye tivii, nikapiga hesabu yangu: kisanduku kikae kando ya rauta kipate intaneti safi, kisha HDMI ndefu, ule waya wa kupitisha picha na sauti, ipande juu ya fremu ya mlango mpaka kwenye tivii. Mita 10. Nikaenda Digo Road, duka silitaji, kijana akanitolea waya mnene uliosukwa kwa nyuzi kama kamba ya jahazi. "Mzee wangu, hii ni 2.1, ncha zake za dhahabu. Picha utashangaa mwenyewe." Shilingi 3,500.

Nilishangaa kweli. Tarehe 10 Agosti 2025, CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, Harambee Stars na Moroko pale Kasarani, watu tumejaa chumbani na kahawa chungu. Tangu mechi ianze vidoti vyeupe vilikuwa vikimetameta kwenye nyasi, nikajifanya sivioni. Kipindi cha kwanza kinakaribia kwisha, kioo kikazima tu, tii. Sekunde tatu, nne. Picha iliporudi, wachezaji walishakumbatiana. Ryan Ogam kafunga bao, ndilo lililotupa ushindi siku ile, na sisi tulikuwa tunatazama giza. Shemeji yangu hajaacha kunikumbusha mpaka leo.

Kwanza niliilaumu intaneti. Lakini intaneti ikilegea picha hukwama, au hufifia, au kile kiduara huzunguka. Haileti nyota nyeupe wala haizimi kioo kizima. Usiku nikaingia kwenye mipangilio ya kisanduku, nikashusha kutoka 4K ya hezi 60, yaani picha 60 kwa sekunde, hadi 1080, ya ukali mdogo zaidi. Nyota zikatoweka, kuzima kukakoma. Hapo nikajua mkosa ni waya.

Jirani yetu ni fundi wa redio na tivii, kijana mdogo lakini kichwa chake kiko sawa. Alipouona ule waya juu ya mlango akacheka. "Ami, umerefusha usiofaa kurefushwa." Picha ya 4K ya hezi 60 hufika hadi gigabiti 18 za data kwa sekunde, na shaba ya kawaida huchoka kadiri waya unavyokwenda mbali. Mita mbili si kitu. Mita 10 ni bahati nasibu, hasa waya ukiwa wa kubuni jina. Na hiyo "2.1" ya kijana wa duka ni namba ya toleo la HDMI la mashine; waya hupimwa kwa kasi. Wa gigabiti 18 huandikwa Premium High Speed, wa 48 huandikwa Ultra High Speed, na huu wa pili halisi huwa na lebo ya kuskani kwenye boksi lake. Boksi langu lilikuwa na picha ya simba.

Dawa yake ilikuwa kugeuza kila kitu. Kisanduku kikahamia nyuma ya tivii, na waya mrefu ukawa wa LAN, ule wa intaneti kutoka kwenye rauta, aina ya Cat 6, ambao hufika mita 100 bila kulalamika. Nilinunua mita 12. Fundi akaketi sakafuni, akachuna ganda, akazipanga zile nyuzi nane kwa vidole kama msusi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, mpaka ya hudhurungi. Akazikata zikalingana, akazisukuma kwenye ncha, akabana kwa koleo. Intaneti ya chumbani haijawahi kuwa vile.

HDMI sasa ni ya mita moja na nusu, shilingi 350. 4K ya hezi 60, mwezi wa nne huu, sijaona hata kidoti. Kuhusu dhahabu, niseme haki yake: haiongezi rangi hata chembe. Zile nyaya za AV za zamani, nyekundu, nyeupe na njano, picha ilififia kidogo kidogo; HDMI ikifika imefika, isipofika utaona nyota au giza. Kazi ya dhahabu ni kutoshika kutu, na kwa upepo wetu wa chumvi hilo si dogo, maana ncha za deki yangu ya zamani zimeota ukijani kama sufuria ya shaba. Lakini hii ya 350 nayo imepakwa dhahabu.

Sauti nayo ilinitoa jasho. Nilinunua waya wa optiko, unaopitisha sauti kwa mwanga, wa saundibaa, ile spika ndefu ya tivii, kwa shilingi 800, nikachomeka, kimya. Nusu saa nzima nabonyeza rimoti. Binti yangu ndiye aliyeuchomoa akauliza, "Baba, hiki kiplastiki si cha kutolewa?" Kifuniko cha vumbi, kidogo kama punje ya mchele, bado kiko kwenye ncha. Kilipotoka taa nyekundu ikaonekana na saundibaa ikanguruma. Na bado ilikuwa hasara, kwani tivii ina tundu la HDMI lililoandikwa ARC. Waya mmoja wa HDMI kati ya hapo na saundibaa na sauti inapita, tena rimoti ya tivii inaongeza na kupunguza. Chungulia maandishi kwanza. Kwenye yangu ni tundu la pili peke yake, ukichomeka la kwanza hupati kitu.

Nyaya za spika sijamaliza. Nilizonunua kama shaba nilizikwaruza kwa kisu, ndani nikakuta weupe wa alumini. Kwa mita tatu zinafanya kazi, nimeziacha hapo.

Ule waya wa mita 10 niliurudisha dukani. Pesa alikataa kutoa. Tukavutana mpaka adhana ya alasiri, akanipa ekstensheni ya soketi nne na kikombe cha chai.