Misimu miwili na meseji za bei: uzoefu wangu kutoka Mkoka

Huu ni msimu wa pili nalipia huduma ya kutumiwa bei za mazao na mifugo kwa meseji. Nalima mahindi na alizeti hapa Mkoka, wilayani Kongwa, na nina mbuzi kidogo. Kwa upande wa mahindi, jirani yeyote akiniuliza namwambia ajiunge leo. Mifugo bado.

Julai alikuja mnunuzi na fuso mpaka uani. Bei yake 520 kwa kilo, tena anataka lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, wakati sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100. Asubuhi hiyohiyo meseji ya bei ya soko la nafaka la Kibaigwa ilikuwa imeingia: Kibaigwa, mahindi, 690. Nilikuwa na gunia 14 za kilo mia mia. Mke wangu akapiga hesabu nyuma ya daftari la mtoto, akaniambia, "Baba Neema, mwache aende." Tukajikusanya wakulima watano, tukakodi gari moja.

Kule mizani haina maneno, kilo ni kilo. Ila mzigo wangu ulikuwa na pumba na punje zilizovunjika, nikapewa 660. Nikapokea 924,000. Usafiri, kupakia, kushusha na ushuru vikala 8,000 kwa kila gunia, jumla 112,000. Nilirudi nyumbani na 812,000. Kwa yule wa uani ningepata 728,000, na hapo sijahesabu lumbesa. Hiyo 84,000 iliyoongezeka ilinunua sare na madaftari ya watoto wawili.

Lakini ona: nilipoondoka nyumbani kichwani nilikuwa na 966,000. Ile 690 ni bei ya sokoni, ya mahindi makavu yaliyochekechwa, kabla ya gharama yoyote. Meseji haisemi hivyo, na mkulima mgeni ataumia. Wangeongeza maneno matatu tu.

Kasoro nyingine ilikuwa tarehe. Agosti magari ya Kiteto yaliingia Kibaigwa kwa wingi, bei ikashuka, huku sisi tukiendelea kupokea namba ileile siku nne mfululizo. Jirani yangu aliiamini, akapakia, akakuta 610. Niliwapigia simu kulalamika. Walinisikiliza vizuri, na tangu wiki iliyofuata kila bei inakuja na siku iliyochukuliwa. Hilo nawashukuru kwa dhati.

Wengi hawasomi zile habari za kilimo zinazokuja Jumatatu. Someni. Mwaka 2016 sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, iliua watu hapa Dodoma na jirani zetu Manyara, na bado kuna watu wanaanika mahindi juu ya udongo. Meseji moja ilitufundisha kupima unyevu bila kifaa: chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia punje kiasi, weka chumvi kavu, funga, tikisa, kisha acha itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, rudisha kwenye turubai. Mimi nilikuwa nang'ata punje kwa jino tu na kusema imekauka. Chupa ya kwanza ilitoka nyeupe kama imepakwa chokaa, na mahindi hayo nilikuwa nimeshayafunga kwenye magunia! Tukafungua yote, tukaanika siku tatu zaidi. Walitukumbusha pia mifuko isiyopitisha hewa kwa ajili ya kuzuia dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi ghalani, ambaye wazee huku wanamwita Skania. Mifuko hiyo ni ghali kuliko ya kawaida, lakini huhitaji kuweka dawa, na chakula cha nyumbani kinafika Machi kikiwa kizima.

Sasa mbuzi. Wanatuma bei za mnada wa Msalato na za Pugu: "mbuzi 70,000 hadi 130,000." Mbuzi gani? Beberu, jike, aliyehasiwa? Mnadani mnunuzi anamfungua mbuzi mdomo ahesabu meno, anamminya mgongoni karibu na kiuno asikie nyama, ndipo anataja bei. Nafasi ya 60,000 kati ya bei ya chini na ya juu inampa dalali uwanja wote. Kwa hiyo kabla sijaswaga mbuzi, bado nampigia shemeji aliyeko mnadani, namweleza mnyama mmoja mmoja. Wakianza kutuma bei kwa kilo ya uzito hai, au hata kwa umri na jinsia, simu hiyo sitaipiga tena.

Nawapa nyota nne kati ya tano, na msimu ujao nitalipia tena.