Tathmini ya Kituo cha Kupima Usikivu, Tabora Mjini: Binti Yangu Anasikia, Lakini Haelewi

Kwa miezi mitano nimekuwa mteja wa kituo kimoja binafsi kinachopima usikivu na kuuza shime sikio (vifaa vya kuongeza sauti vinavyovaliwa sikioni) hapa Tabora mjini, na tathmini hii naiandika kwa ajili ya wazazi ambao watoto wao, kama binti yangu wa miaka tisa, hugeuka wakiitwa lakini hujibu jambo jingine kabisa.

Mapokezi ni mazuri na chumba ni kimya. Binti yangu alivalishwa vipokea sauti, akabonyeza kitufe kila aliposikia mlio, na baada ya nusu saa nikaambiwa kwamba usikivu wake umepungua kidogo tu. Nikalipa shilingi 400,000 za shime sikio. Nyumbani, mfuniko wa sufuria ulipoanguka alishtuka akaziba masikio, lakini nilipomwagiza kijiko akiwa amenipa mgongo, aliniletea kiti, kama alivyokuwa akifanya zamani.

Jibu nililipata baadaye kwenye kambi ya madaktari bingwa. Mtaalamu aliuliza kwanza habari za kuzaliwa kwake, nami nikaeleza kwamba alipata manjano makali na kulazwa siku nyingi, jambo ambalo kituoni hakuna aliyeniuliza. Kisha akaufunika mdomo wake kwa karatasi na kutamka “bata”. Binti akasema “kata”. Karatasi ilipoondolewa, akalipata neno bila kukosea.

“Mama, sauti inamfikia,” alinieleza, “ila inafika imevurugika.” Kifaa kidogo kilichowekwa sikioni kilionyesha kwamba chembe za ndani ya sikio zinaitikia sauti vizuri, lakini vipimo vya waya zilizobandikwa kwenye paji la uso na nyuma ya masikio havikuonyesha mwitikio wa mshipa wa fahamu unaopeleka sauti kwenye ubongo. Nyuzi za mshipa huo hupaswa kufyatua taarifa kwa pamoja, kwa tofauti ndogo kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde. Zikipishana, huwa kama wapiga ngoma ambao kila mmoja anafuata mdundo wake: kelele unaisikia kutoka mbali, lakini hutambui ni ngoma gani inayochezwa. Tofauti ya “b” na “k” ni ya muda mfupi mno, kwa hiyo ndiyo hupotea mapema, hasa darasani penye makelele au mvua inapopiga bati. Shime sikio huongeza ukubwa wa sauti. Mpangilio wa nyakati haiwezi kuurudisha.

Hali hii ilielezwa na kupewa jina la “auditory neuropathy”, yaani hitilafu ya mshipa wa usikivu, na daktari Arnold Starr na wenzake mwaka 1996, kwa hiyo si jambo geni ambalo muuzaji wa vifaa anaweza kusamehewa kutolijua. Niliporudi kituoni walikubali kupunguza nguvu ya kifaa, lakini fedha hawakurudisha.

Kwa kupima ukubwa wa sauti, kituo kinafaa. Hata hivyo, kabla ya kulipia kifaa, mzazi adai mtoto apimwe pia kuelewa maneno, penye ukimya na penye kelele, na mtoto aliyezaliwa njiti au aliyepata manjano makali apelekwe kwenye vipimo vya mshipa. Baadhi ya watoto hawa hunufaika na kifaa kinachopandikizwa sikioni kwa upasuaji, huduma iliyoanza Muhimbili mwaka 2017, nasi tumeandikiwa rufaa ya kwenda huko. Kwa sasa binti yangu anakaa dawati la mbele, mbali na dirisha, na mwalimu wake ameacha kusoma imla huku akiandika ubaoni.