Deluxe Reverb "ya 1965": tuifungue tuone ukweli wake

Haya, karibuni tena. Leo mezani kuna amplifaya ya gitaa, Fender Deluxe Reverb, uso mweusi, maandishi meupe. Aliyeileta anasema ni ya 1965 na kila kilichomo ni cha kiwandani. Wati 22, spika moja ya inchi 12, vali mbili za 6V6 (zile taa za kioo zinazokuza sauti) upande wa nguvu, vali ya GZ34 ya kunyoosha umeme, mwangwi wa springi na vibrato, yaani sauti inayotetema. Sauti tutaisikiliza mwishoni kabisa, maana sauti ndiyo inayotupofusha sote. Ukipiga kodi moja ya E ikajibu vizuri, maswali yote yanakutoka kichwani na mkono unaenda mfukoni.

Kwa wageni, haraka haraka. Amplifaya za Fender za miaka ya 1950 zilivalishwa tweed, kile kitambaa cha mistari chenye rangi ya asali. Zikafuata za kahawia na za krimu, halafu nyeusi kuanzia 1963, na kuelekea mwisho wa 1967 uso ukageuka wa fedha wenye maandishi ya buluu. Wakusanyaji wanalipa zaidi kwa nyeusi kuliko fedha, wakati mwingine zaidi sana, na ujanja umejificha hapo hapo. Bamba la mbele halijalehemiwa. Linakaa kwa skrubu na nati za vidhibiti. Mtu mwenye bamba jeusi la kununua na kitambaa kipya cha spika anaweza kuchukua ya fedha mchana, na usiku akakuuzia nyeusi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa hiyo uso huu mimi nauangalia, siuamini.

Hata hivyo kuna kitu kimoja usoni cha kusoma. Sogeza kamera hapa. Maandishi madogo ya jina la kampuni: hii ina lile la zamani, lenye Electric Instrument. Leo Fender aliiuza kampuni yake kwa CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, Januari 1965, na katika mwaka huo huo jina kwenye mabamba likaanza kubadilika kuwa Musical Instruments. Kwa amplifaya ya mapema 1965, jina la zamani linakubalika. Ushahidi wa kwanza huo, lakini ni wa skrubu, kwa hiyo tunauweka pembeni.

Sasa nyuma. Ndani ya kabati, ubavuni, kuna karatasi inayoonyesha kila vali inakaa wapi. Hapa imeandikwa AB763. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, tena hata wauzaji wazoefu: wanasoma AB763 kama tarehe ya kutengenezwa. Ni tarehe ya mchoro wa saketi, mwezi wa saba 1963. Deluxe Reverb ya 1966 nayo ina karatasi ya AB763. Unachotakiwa kutafuta ni muhuri wa wino wa herufi mbili. Huu umefifia, ngoja nielekeze tochi kwa ubavu... mnaona? O, halafu C. Herufi ya kwanza ni mwaka, ukihesabu kuanzia A ambayo ni 1951, kwa hiyo N ni 1964 na O ni 1965. Ya pili ni mwezi, C ni Machi. Machi 1965.

Karatasi nazo zinachapishwa upya na kuuzwa, kwa hiyo tazama karatasi yenyewe, usiishie kwenye maandishi. Hii imeungua rangi ya chai pale juu karibu na vali za nguvu, na chini bado ni nyeupe. Joto la miaka mingi linapanda hivyo. Nakala mpya iliyozeeshwa kwa mkono huwa imepakwa rangi sawasawa kote.

Kabla sijatoa chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba saketi, nisikilizeni. Ndani humu kuna zaidi ya volti 400, na kapasita za kuchujia umeme, vipuri vinavyohifadhi chaji, zinaweza kubaki nayo hata plagi ikiwa imechomolewa. Kama hujui kuzimaliza chaji kwa rizista na kuhakikisha kwa mita, mpe fundi anayejua vali. Na ukikuta waya wa zamani wa pini mbili usio na ethi, pamoja na ile kapasita inayounganisha upande mmoja wa umeme wa ukutani na chesisi, usipige gitaa hata kidogo. Kapasita ile ikifa, nyuzi za gitaa zinaweza kuwa na umeme wa ukutani. Badilisha waya uwe wa pini tatu, kapasita itolewe, na thamani ya amplifaya haishuki kwa mtu yeyote mwenye akili.

Haya, skrubu nne za juu, chesisi imetoka. Hapa ndipo napapenda.

Viwanda vya Marekani vilikuwa na utaratibu wa kugonga namba kwenye vipuri. Tarakimu za mwanzo ni za kiwanda, kisha mwaka, kisha wiki. Tuanze na vidhibiti vya kuzungusha: 304 6447. 304 ni Stackpole, mwaka 64, wiki ya 47. Nusu ya pili ya Novemba. Kidhibiti hakiwezi kufungwa kabla hakijatengenezwa, kwa hiyo amplifaya hii haiwezi kuwa ya mapema kuliko hapo. Spika: 465-507. Oxford, wiki ya 7. Mwaka una tarakimu moja tu, 5, kwa hiyo peke yake ingeweza kuwa hata 1975, ila vidhibiti na muhuri vinatuambia ni 1965. Transfoma ya umeme: 606-504. 606 ni Schumacher, wiki ya 4. Novemba, Januari, Februari, muhuri wa Machi. Inapangika vizuri mno.

Halafu transfoma ya kutoa sauti, ile inayopeleka sauti kwenye spika. 606-840. Schumacher vilevile, wiki ya 40, mwaka unaoishia na 8, naisoma 1968. Amplifaya ya Machi 1965 haiwezi kutoka kiwandani na transfoma ya 1968.

Hapa namba imeshasema. Lehemu itathibitisha. Njoo karibu na kamera, kwenye soketi za 6V6, pini ya 3. Waya wa buluu unaingia soketi moja, wa kahawia unaingia nyingine, hizo ni za transfoma hii. Linganisha na pini ya jirani. Ya jirani ni ya kijivu, imefubaa, na pembeni kuna utomvu wa lehemu uliokauka ukawa wa rangi ya njano. Pini ya 3 inang'aa, donge kubwa kidogo, na mtu alijaribu kusafisha kwa kitu chenye ncha, mikwaruzo ile pale. Fundi aliyefanya si mbaya, kazi ni imara. Ila si ya kiwandani. Namba inaweza kufutwa na bamba linaweza kubadilishwa, lakini lehemu iliyoguswa ni vigumu mno kuirudisha ilivyokuwa, na ndiyo maana mimi kwenye amplifaya ya zamani naiamini lehemu kuliko kitu kingine.

Zilizobaki ni nzuri. Kapasita za buluu kwenye ubao wa ndani zipo zote. Zile za kuchujia, chini ya kifuniko cha bati, zimebadilishwa, na mimi nashukuru. Kuna watu wanajisifu kwamba zao ni za 1965 bado. Ndani yake kuna kimiminika kinachokauka! Kapasita ya umri huo ni matatizo yanayosubiri siku. Vali nazo hazihesabiki kwenye umri, zinabadilishwa kila zinapochoka.

Namba hizi zinakufaa pia kwa Gibson, Ampeg, Supro, na Silvertone zilizouzwa na Sears bila jina la aliyezitengeneza, kwa sababu spika na vidhibiti vingi vilitoka kwenye viwanda vile vile. Kwa Waingereza zitakusaidia kidogo tu. Marshall JTM45 ya kwanza ilifuata saketi ya Bassman, amplifaya nyingine ya Fender, mchoro wa 5F6-A, lakini vipuri vya Uingereza vina alama zao. Vox, Waingereza wengine hao, nitaipa siku yake.

Sauti sasa. (Anapiga.) Kidhibiti cha sauti kikiwa kwenye 3 ni safi, inameta. Kwenye 5 inaanza kukwaruza, na kidole chako ndicho kinachoamua kiasi gani. Juu ya 6 besi inalegea, spika inalemewa. Chaneli ya vibrato ni kali kwa sauti ndogo, kwa sababu ya kapasita ndogo inayopitisha treble kwenye kidhibiti cha sauti, na hakuna kidhibiti cha sauti za kati cha kukuokoa, treble na besi basi. Mimi gitaa la pikapu nyembamba, za koili moja, nalichomeka chaneli ya kawaida, ingawa nakosa mwangwi.

Transfoma ile ya 1968 sisikii kasoro yoyote inayoleta. Ni kiwanda kile kile. Kwa mpigaji, hii ni Deluxe Reverb halisi ya Machi 1965 na ichukuliwe bila woga. Kwa mkusanyaji, neno "kila kitu" limeshaanguka, na bei ishuke. Muulize muuzaji kama transfoma ya kwanza ipo kwenye kisanduku mahali fulani, hata kama imeungua. Ikiwepo, iombe pamoja na mzigo, waya zake zinaweza kusukwa upya.