Vidonge au mwili wenyewe? Nimepitia njia zote mbili za kupandikiza kiinitete kilichogandishwa

Nilikuwa na viinitete vitatu (mayai yaliyorutubishwa maabara) kwenye nitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Kimoja kilipandikizwa kwa mzunguko wa dawa, kimoja kwa mzunguko wa asili, na cha tatu bado kimelala huko. Mimi si daktari. Haya ni maoni ya mteja aliyetumia huduma zote mbili.

Nianze na ya dawa, maana ndiyo niliyopewa bila kuulizwa. Siku ya 2 ya hedhi nikapigwa altrasaundi, nikaondoka na vidonge vidogo vya bluu vya estrojeni, miligramu 2, mara tatu kwa siku. Vinaujenga ukuta wa mfuko wa uzazi, na wakati huohuo vinazituliza ovari zisipevushe yai. Siku ya 13 nikarudi kupimwa. Daktari alitaka ukuta uzidi milimita 7 na uonekane na mistari mitatu kwenye skrini. Wangu ulikuwa 8.4. Projesteroni, homoni ya kuuandaa ukuta upokee mimba, ikaanza, na siku ya sita yake kiinitete changu, ambacho kiligandishwa kikiwa cha siku tano, kikaingizwa.

Sifa yake kubwa ni ratiba. Tarehe niliijua mapema, nikaomba ruhusa kazini bila kujieleza sana, na altrasaundi zilikuwa mbili tu. Kwa mwenye PCOS (tatizo la homoni linalovuruga upevushaji wa mayai), au ambaye hedhi yake huja inapojisikia, njia hii ni mkombozi, na sitaki mtu yeyote amtie aibu kwa kuichagua.

Tatizo ni sindano ya projesteroni ya mafuta. Muuguzi alinichorea duara mbili kwa kalamu, moja kila tako, juu upande wa nje. Kila jioni mume wangu aliibana chupa kwapani dakika kumi ili mafuta yalainike, kisha akahesabu mpaka tatu. Kila siku alichoma kwenye mbili. Wiki ya pili nilikuwa na vinundu vigumu kama kokoto na nililala kifudifudi.

Kuna jambo ambalo niliambiwa nimeshamaliza nusu ya vidonge. Yai lisipopevuka, ovari haibaki na korpasi luteamu, kile kitezi kidogo ambacho hutengeneza projesteroni yako mwenyewe. Kwa hiyo mimba ikishika, dawa ndiyo kila kitu mpaka kondo likomae. Wengi huambiwa waendelee hadi wiki ya 10 au 12. Kitezi hicho pia hutoa vitu vingine, kama rilaksini, ambavyo vidonge havirudishi, na inadhaniwa ndiyo sababu tafiti nyingi zimekuta shinikizo la damu na priklampsia (hali inayotangulia kifafa cha mimba) vikitokea zaidi kwenye mizunguko ya dawa. Mama yangu ana presha. Ningependa kuwa nimelijua hilo siku ya kwanza.

Kipimo cha damu cha mimba, siku ya 10 baada ya kupandikizwa, kikasema hapana.

Safari ya pili niliomba asili mwenyewe. Mzunguko wangu ni wa siku 28 au 29, haunisumbui, na daktari alikubali bila mjadala (basi kwa nini hakunieleza tangu mwanzo?). Hapa hakuna vidonge vya kujenga ukuta. Unasubiri yai lako. Altrasaundi siku ya 10, ya 12, ya 14, damu, na vijiti vya mkojo asubuhi na jioni, vinavyoonyesha kwa mstari wa pili kwamba yai liko karibu kutoka. Nilivipanga dirishani kwa mfuatano, nikavigeuzageuza kwenye mwanga kama mtu anayekagua noti bandia. Jumatatu mstari wa pili ukaiva, mweusi kuliko wa kwanza. Nikapiga simu kliniki nikiwa na furaha.

Muuguzi akahesabu kimyakimya, kisha akasema, "Dada yangu, siku ya kupandikiza inaangukia Jumapili. Maabara inafungwa." Mzunguko ukafutwa.

Sina ugomvi na wafanyakazi kupumzika. Ugomvi wangu ni kwamba walijua maabara yao inafungwa, wakaniacha nihesabu siku kumi na nne bila kuniambia. Ovari haijui kalenda ya ofisi.

Mwezi uliofuata tulitumia asili iliyosaidiwa kidogo: kifuko cha yai kilipofika milimita 18 nikachomwa sindano moja ya hCG (homoni ileile inayosomwa na vipimo vya mimba) ya kulipevusha yai, na upandikizaji ukapangwa siku ya saba baadaye. Yai ni langu, ila siku wameichagua wao. Projesteroni ilikuwa ya kuweka ukeni, ambayo inavuja, inachafua, na haiumi hata kidogo. Onyo moja tu: hCG hiyo hukaa mwilini siku kadhaa na kipimo cha nyumbani huisoma kama mimba. Mimi nilipima mapema, nikalia kwa furaha, kisha nikakumbuka, nikalia tena.

Safari hii damu ilisema ndiyo. Niko wiki ya 26, presha 110 kwa 70. Lakini sitadai kwamba asili ndiyo iliyoshika mimba. Vilikuwa viinitete viwili tofauti, na kwa wenye mzunguko wa kawaida majaribio mengi yaliyolinganisha njia hizi hayajaonyesha tofauti kubwa ya kupata mtoto. Nilichokipata kwa hakika ni mwili mwepesi zaidi na matako yasiyo na kokoto. Nilichokipoteza ni mwezi mzima na usingizi wa siku za kusubiri mstari uive.

Kwa hiyo, dawa naipa nyota tatu, asili tupu mbili, na asili yenye sindano moja nne na nusu. Ile nusu nimeikata kwa sababu ya kulia mara mbili.

Kiinitete cha tatu kikifika zamu yake, swali la kwanza nimeshaliandika kwenye daftari: Jumapili mnafungua?