Jengo la Halmashauri Baada ya Ukarabati: Mapokezi Mazuri, Mteremko Mkali

Halmashauri ya wilaya ninamoishi, ambayo sitaitaja jina, imekarabati jengo lake la utawala, na miongoni mwa kazi zilizotangazwa kukamilika ni miundombinu rafiki kwa watu wenye ulemavu. Kwa kuwa natumia kitimwendo, na leseni ya biashara hunilazimu kufika pale, nimeona nieleze hali ilivyo ili anayepanga kwenda ajue atakachokikuta.

Mapokezi yanastahili sifa. Upande mmoja wa kaunta umeshushwa kimo, kiasi kwamba mtu aliyeketi anaweza kujaza fomu na kutazamana na mhudumu bila kukaza shingo, na vigae vilivyokuwa vikiwatelezesha wanaotembelea magongo vimeondolewa. Mhudumu alizungumza nami mwenyewe, si na kijana aliyekuwa akinisukuma. Waliozoea ofisi za umma wataelewa kwa nini jambo dogo kama hilo nalitaja.

Mteremko wa mlango mkuu siwezi kuusifu. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda ihitaji angalau sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za pale zina kimo cha takriban sentimita 45 kwa jumla, kwa hiyo mteremko ulipaswa kuwa na urefu wa zaidi ya mita 5. Uliojengwa haufiki mita 3, hauna vyuma vya kushikilia, na juu unaishia mlangoni moja kwa moja, bila sehemu tambarare ambapo mtu angeweza kutulia huku akivuta mlango. Matokeo yake ni kwamba huwezi kuupanda bila kusukumwa. Walinzi husaidia kwa moyo mmoja, lakini aliyekusudiwa kuingia kwa mikono yake mwenyewe bado anaingia kwa hisani ya wengine. Pia pikipiki huegeshwa pale chini kana kwamba ni maegesho, na hakuna anayewakataza wenye nazo.

Kasoro kubwa zaidi iko ghorofani. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na kati ya hizo asilimia 2 ni za watu wenye ulemavu. Ofisi inayoshughulikia mikopo hiyo, yaani ya maendeleo ya jamii, imepangwa juu, na jengo halina lifti. Nilipoiulizia, ofisa aliteremka kwa adabu na tukazungumza kwenye korido, mbele ya foleni ya watu waliosubiri kulipa ushuru, habari za madeni ya kikundi chetu zikisikika na kila mwenye masikio. Sina lawama kwa ofisa huyo. Lawama ni ya aliyegawa vyumba, kwa sababu masijala na stoo, ambazo mwananchi hana haja ya kuingia, zimebaki chini. Kubadilishana vyumba hakuhitaji zabuni wala kusubiri bajeti ya lifti.

Choo chenye alama ya kitimwendo kipo, na mlango wake ni mpana wa kutosha, ila ndani kumejazwa ndoo na mifagio na ufunguo hukaa kwa mtu wa usafi. Kwa wasiosikia, wito wa zamu bado ni wa sauti tupu, na kwa wasioona hakuna hata kibao kimoja chenye nukta nundu.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, hivyo jengo lililokarabatiwa juzi haliwezi kujitetea kwa uchanga wa jambo hili. Fundi angemwita mtumiaji mmoja tu wa kitimwendo kabla ya kumwaga zege, urefu ule ungerekebishwa kwenye mchoro.

Kwa sasa nalipatia jengo hili alama mbili kati ya tano, zote mbili kwa ajili ya mapokezi. Anayekwenda atumie lango la nyuma, upande wa karakana, ambako sakafu iko usawa wa ardhi, na aombe mlango huo ufunguliwe kwa kuwa hufungwa kwa komeo la ndani. Mwenye shida ya mkopo ana haki ya kudai chumba cha faragha, na kipo kimoja nyuma ya dirisha la malipo.