Shotigani ya Kituruki: bunduki sina ugomvi nayo, ugomvi wangu ni yule kijana wa kaunta

Naandika hii nina hasira kwahiyo mkikuta nimerudia rudia mnivumilie. Nimenunua shotigani, semi otomatiki ya gesi, imetengenezwa Uturuki, na mambo ya urefu wa mtutu sijui uzito kilo ngapi nenda kaangalie mwenyewe yamejaa kila mahali. Mi nakuja na neno moja tu, usinunue. Usinunue kabisa. Au subiri kwanza nieleze, maana najijua nikifika mbele naweza kugeuka.

Mimi ni mama mtu mzima, mjane, naishi Tanga mjini na shamba langu la machungwa liko Muheza. Watu wa Muheza mnajua msimu ukifika mambo yanakuwaje, mwizi siku hizi haji na kiroba anakuja na gari, na upande wa chini nilipoweka mihogo nguruwe pori wanafukua usiku kucha. Bunduki si kitu kigeni kwangu. Marehemu baba alikuwa na ya mtutu mmoja enzi zile mkonge ndo mkonge, nikiwa binti alinikalisha akanieleza kila kitu, hata ile namba 12 ya ukubwa wa mtutu ndo yeye aliniambia maana yake ukichukua goroli 12 za madini ya risasi zinazoenea mtutu ule ukaziweka kwenye mizani unapata ratili moja. Kwahiyo niliingia dukani najua naenda kununua nini.

Leseni watu walinitisha sana. Ooh mama utazungushwa, ooh kamati, ooh mwanamke peke yako. Nilianzia serikali ya mtaa, kata, nikaenda polisi, kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, sheria ya 2015 ile wanaifuata na ni sawa waifuate, silaha sio kitu cha kugawa. Ilichukua muda lakini wallahi hakuna hata mmoja alienidharau. Afande aliniuliza mama unaishi na nani, utaifungia wapi, ufunguo atakuwa nao nani, nikajibu, akaandika. Maswali ya maana kabisa. Hapo nikajua kazi kubwa imeisha, kumbe.

Duka lenyewe liko Dar, jina silitaji. Nilikwenda na mtoto wa kaka yangu maana ndo alikuwa anaendesha gari. Huyu mtoto hajawahi kushika hata manati. Sasa tunaingia, mimi ndo nina leseni, mimi ndo nina pesa kwenye mkoba, na yule kijana wa kaunta ananiangalia mimi sekunde moja halafu anamgeukia mtoto, "karibu kaka, unatafuta nini". Mtoto wa watu akasema ni shangazi ndo ananunua. Yule akacheka. Akasema sawa, halafu AKAENDELEA kuongea na mtoto! Anamshikisha yeye, anamwonyesha yeye jinsi ya kukoki, mi nimesimama pembeni na baibui langu.

Nikavumilia. Nikaona pale kwenye mtutu imegongwa 12/76, nikamuuliza makusudi tu, hii 76 ni nini? Akamjibu mtoto, eti kaka huo ni muundo wa mwaka 76, hizi ni za zamani imara sana. Jamani! 76 ni milimita, ni urefu wa chemba, pale risasi inapokaa, maana yake hata risasi ndefu ya 76 inaingia na ile ya kawaida ya 70 inaingia. Mtu anauza silaha hajui namba iliyogongwa kwenye silaha. Sikumsahihisha, nilitaka nione atafika wapi.

Tukaja kwenye risasi. Nikauliza, mwanangu hizi za gramu ngapi, yani uzito wa goroli zilizomo ndani? Ndo hapo. Akamgeukia yule mtoto akasema, "bro, mwambie mama risasi ni risasi."

Mwambie mama. Mama amesimama mita moja kutoka kwako.

Ningeondoka. Lakini nimetoka Tanga, makaratasi yote yana jina la silaha ile na namba yake, ukisema uondoke uanze na duka lingine unarudi nyuma hatua kibao, kwahiyo nikalipa. Risasi zikaandikwa, tukarudi. Segera tukasimamishwa, askari akakagua kitabu cha leseni, akanitazama, akasema safari njema mama. Mnaona? Barabarani naheshimiwa, dukani nilipoacha mamilioni naambiwa kupitia dereva.

Siku ya kuijaribu sasa. Kuna mzee mmoja askari mstaafu ndo anatusimamia kwenye shabaha, na kuna wazee wenzie wawili watatu wapenzi wa bunduki, wale ambao kwao kama sio Baikal ya Mrusi basi sio bunduki. Wakaiona yangu wakaanza, aah bi mkubwa umenunua toi, Mturuki huyo. Nikawaambia hao watu wa Huğlu kule Konya wanaunda bunduki tangu babu zenu, wakacheka. Mmoja akaleta habari za vita vya 1914, eti Waingereza walikuja hapa Tanga na bunduki mpya mpya, askari wa Mjerumani wengi wana Mauser za muundo wa 1871 zinazotoa moshi mpaka humuoni mwenzio, na nani alipanda meli akakimbia? Hapo ndo ananiambia mimi kwamba ya zamani ndo ya zamani. Sawa mzee.

Nikaweka begani. Ya kwanza ikatoka vizuri. Ya pili ikajamu. Ganda limetoka nusu limebanwa na bolti, kile chuma kinachofunga chemba, limesimama wima mlangoni. Nikalitoa, nikakoki, nikapiga, ikajamu. Tena. Tena. Inapiga moja inajamu, na wazee nyuma yangu kimya kile cha watu wanaojizuia kucheka. Niliona aibu sijawahi, na nikawaza ingekuwa ni usiku shambani na watu wameshaingia je?

Yule mstaafu hakucheka. Alisema mama lete hiyo pakiti nione. Akasoma, gramu 24. Akachukua kitabu cha bunduki, mbele Kituruki tupu lakini nyuma kuna Kiingereza, akanionyesha, mpaka bunduki ilainike unatakiwa upige za gramu 32 kwenda juu. Bunduki hii inajiendesha kwa gesi ya risasi yenyewe, ukipiga gesi inarudi inasukuma pistoni, pistoni inarudisha bolti, ganda linaruka nje nyingine inapanda. Springi mpya bado ngumu, ndani imejaa grisi ya kiwandani, halafu unaipa risasi nyepesi ya watu wanaotungua visahani vya mchezo hewani, hiyo nguvu itoke wapi? Zile zingefaa kabisa kwenye bunduki ya kuvunja, ile unayoikunja katikati kuweka risasi, ya mtutu mmoja au miwili.

Sasa rudini nyuma. NILIULIZA GRAMU. Nilisimama pale nikauliza gramu ngapi.

Na risasi hununui tu kama vocha ya simu, zina kibali zinaandikwa, kwahiyo zile nyepesi zimekula nafasi yangu. Nikapiga simu dukani kwa upole kabisa. Akapokea yeye. Nikajieleza. Akasema, mama umeisafisha? Nikasema mwanangu nakwambia habari ya gramu. Akasema, "mpe yule bro niongee nae." Nikakata simu maana ningesema maneno ambayo mtu wa umri wangu hasemi.

Nilihangaika nikapata za gramu 32 sehemu nyingine, kwa taratibu zote, mstaafu akaisafisha ile grisi, tukarudi kwenye shabaha. Jamani. Nisiwe muongo. Ilipiga pakiti nzima haikukohoa. Na hiki ndo nilichoifuatia, bega langu ni bovu, ile ya baba ilikuwa inakupiga mpaka unalala upande mmoja wiki nzima, hii gesi inakula ile teke, nimepiga nikaenda nyumbani nikapika. Yule mzee wa Baikal akaomba apige mbili, akapiga, akairudisha, akasema "mm". Kwa anaemjua huyo mzee hiyo ni sifa kubwa.

Kwahiyo nimegeuka, inunue. Ila kwenye boksi ufunguo wa choki haupo, yani vile vichoki vya kubadilisha vya mdomoni mwa mtutu, vya kubana goroli zisitawanyike sana, wamekupa na cha kufungulia hawajakupa, na najua kabisa haukusahaulika kiwandani. Nikikumbuka hilo narudi kulekule, usinunue. Au nunua sehemu nyingine. Kuna wanaonishauri nimwachie mlinzi wa shamba, hapana, leseni ina jina langu mimi, mlinzi ana filimbi na mbwa wanamtosha.

Ufunguo wa choki bado nautafuta, mwenye fundi anaeweza kuuchonga aniambie. Na nyie wazee mlioanza kunipigia simu chinichini mkiuliza kama Mturuki nauza kwa bei ya hasira, siuzi.